Nimebashiri mapigano 8 ya UFC nikapata 3: Daftari langu linasema ukweli ambao mdomo wangu ulificha

Kabla hujaniuliza wikendi hii nani atashinda, ngoja kwanza nikuonyeshe daftari langu.

Ni daftari la kurasa 200 nililonunua nikiwa chuoni. Kurasa za mwanzo zina noti za uhasibu. Kuanzia katikati hakuna uhasibu tena, ni majina ya wapiganaji, tarehe na ubashiri wangu: nani atashinda, kwa njia gani, raundi ya ngapi. Wiki iliyopita nilikaa chini na kalamu nyekundu nikalisahihisha kama mwalimu. Nilichagua mapigano 8 ya ubingwa wa UFC yaliyohusu mabingwa wetu wa Afrika, kuanzia Januari 2022 hadi Agosti 2025.

Nilipata 3. Kwa shule yoyote, hapo mzazi anaitwa.

Na bado hapa steji ya Lurambi, Kakamega, naitwa "Prof".

Kama hufuatilii huu mchezo, mambo ni haya. Pigano la ubingwa ni raundi 5 za dakika 5. Unaweza kushinda kwa kumwangusha mtu na ngumi au teke, kumkaba hadi asalimu amri, au kwa pointi za majaji watatu. Kwa hivyo kubashiri jina pekee ni nusu ya kazi. Lazima pia useme njia.

Sasa rudi nami mwaka 2021. Machi 27 Francis Ngannou wa Cameroon alimlaza Stipe Miocic katika raundi ya pili, akawa bingwa wa uzani mzito. Ghafla tukawa na mabingwa watatu waliozaliwa Afrika kwa wakati mmoja: Ngannou, pamoja na Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wawili wazaliwa wa Nigeria. Ngannou aliwahi kuchimba mchanga akiwa mdogo. Niambie, kijana wa Kakamega ambaye amewahi kubeba mawe ya mjengo angempinga vipi?

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulianza.

Januari 22, 2022, Ngannou dhidi ya Ciryl Gane. Niliandika: Ngannou, nokauti, raundi ya pili. Alishinda kweli, lakini kwa pointi. Goti lake lilikuwa bovu, akapoteza raundi za mwanzo, halafu akaanza kumbeba Gane na kumtupa chini. Nilijipa alama kamili nikatembea nimeinua mabega. Sikujiuliza kwa nini sababu yangu ilikuwa makosa matupu.

Halafu ikaja Agosti 2022.

Utakumbuka huo mwezi. Nchi ilikuwa imepiga kura, lakini sisi Kakamega uchaguzi wa gavana ulikuwa umeahirishwa hadi Agosti 29. Kila mtu alikuwa na hasira na simu mkononi. Mimi nilikuwa na shilingi 12,000 za karo ambazo mama alikuwa amenitumia baada ya kuuza mahindi. Jumapili alfajiri, Usman alikuwa anakutana na Leon Edwards huko Salt Lake City. Usman alikuwa ameshinda mapigano 15 mfululizo ndani ya UFC, na mwaka 2015 alikuwa ameshampiga huyo huyo Edwards. Nikaziweka zote.

Unajua faida ilikuwa ngapi kama ningeshinda? Haingefika 4,000. Usman alikuwa anapewa nafasi kubwa sana, kwa hivyo malipo yalikuwa kidogo. Nilihatarisha muhula mzima nipate pesa ya kodi ya bedsita.

Baada ya raundi nne Usman alikuwa mbele kwa majaji wote watatu. Saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimeshaanza kutabasamu, zikiwa zimebaki sekunde 56, teke la kushoto la Edwards likatua kichwani. Usman akaanguka akiangalia taa. Mimi nikabaki nikiangalia simu hadi bando ikaisha.

Sikurudi chuoni muhula huo. Sitaki kukudanganya kwamba ni hizo 12,000 pekee zilizonitoa, kulikuwa na deni lingine la nyuma. Lakini mama hadi leo anajua kwamba "karo ilipanda". Nikikuandikia haya najua binamu zangu wanasoma. Sawa, wamwambie.

Ungedhani nilijifunza. Novemba 12, 2022, Adesanya dhidi ya Alex Pereira, New York. Pereira alikuwa amempiga Adesanya mara mbili kwenye kickboxing. Nilijua hilo, liko kwa daftari kwa mwandiko wangu, na bado nikaandika Adesanya. Pereira akamaliza kazi raundi ya tano. Aprili 8, 2023 wakarudiana Miami, nikaandika Adesanya tena, na akamlaza Pereira raundi ya pili. Steji nzima ilinibeba. Lakini ukweli ni kwamba ningeandika Adesanya hata kama angekuwa anapigana na lori la miwa la Mumias.

Hapo ndipo watu wakaanza kuniamini, na hiyo ndiyo sehemu mbaya.

Septemba 10, 2023, Sydney, Adesanya dhidi ya Sean Strickland. Rafiki yangu mmoja wa bodaboda alikuja nyumbani Jumamosi usiku. "Prof, niambie ukweli, hii ni ya kuweka?" Nikamwambia, "Hiyo ni pesa ya bure." Akaweka pesa aliyokuwa amekusanya kulipia pikipiki ya mkopo. Strickland hakufanya maajabu yoyote. Alitembea mbele, mikono juu, jabu baada ya jabu, akamwangusha Adesanya raundi ya kwanza na kushinda kwa 49-46 kwa kila jaji.

Pikipiki ilichukuliwa mwezi huo. Hakunitukana. Ningefurahia angenitukana. Aliacha tu kuniuliza maswali.

Nikaendelea kukosa. Januari 20, 2024, Dricus du Plessis wa Afrika Kusini alikutana na Strickland. Du Plessis alikuwa amejigamba kwamba yeye ndiye atakuwa bingwa wa kwanza anayeishi na kufanya mazoezi hapa Afrika, maneno yaliyowaudhi wengi wetu. Kwa hasira nikaandika Strickland. Majaji wawili kati ya watatu wakampa Du Plessis. Agosti mwaka huo huo, huko Perth, alikutana na Adesanya. Nikaandika Adesanya kwa herufi kubwa. Akakabwa raundi ya nne. Jamaa tuliyekuwa tunamkataa alikuwa bingwa wa Afrika, na mimi nilikuwa naandika matusi kwenye pambizo badala ya kuangalia anavyopigana.

Dawa niliipata Shinyalu, na haikuwa kwa simu.

Kama wewe ni wa hapa, unajua mapigano ya fahali ya Isukha na Idakho: alfajiri, isukuti zinalia, vijana wanakimbia na fahali wao hadi uwanjani. Anayegeuka na kukimbia ndiye ameshindwa. Hakuna majaji. Watu wanaweka pesa pia, usidanganywe. Nilisimama karibu na mzee mmoja ambaye kila mtu alikuwa anamuuliza. Kulikuwa na fahali mwenye jina kubwa, na mimi nikasema huyo ndiye. Mzee akauliza, "Mjukuu wangu, umeangalia miguu yake, ama umesikia jina?"

Sikuwa nimeangalia. Yeye alikuwa ameangalia: fahali mwenye jina alikuwa anakanyaga mguu mmoja wa nyuma kwa uoga, na alikuwa amepigana siku si nyingi zilizopita. Dakika chache baadaye yule mwenye jina aligeuka akakimbia, na sisi tukakimbia pia kwa sababu alikuwa anakuja upande wetu. Mzee mwenyewe hakuwa ameweka hata shilingi. Alisema pesa ikiingia, macho yanaanza kuona inachotaka.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Usman, Pereira, Strickland, Du Plessis: kila nilipokosa, nilikuwa nimeandika bendera, jina au hasira. Hakuna mahali nilipokuwa nimeandika miguu.

Agosti 16, 2025, Chicago, Du Plessis dhidi ya Khamzat Chimaev. Safari hii nilitazama kwanza mapigano ya zamani ya wote wawili. Nikaandika: Chimaev, pointi, kwa sababu Du Plessis huangushwa na Chimaev haachii mtu akishamshika. Iliniuma kuandika. Chimaev alimlaza chini zaidi ya dakika 20 kati ya 25, majaji wote wakampa 50-44. Ndiyo alama yangu ya tatu, na ndiyo ya kwanza ambayo sababu yake pia ilikuwa sahihi. Sikuweka hata shilingi.

Sasa PFL Africa imeanza, mwaka 2025 ilipita Cape Town, Johannesburg na Kigali, na imejaa majina ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasikia. Kwangu hiyo ni habari njema. Hakuna jina la kunipofusha.

Nakuomba jambo moja tu. Kabla ya pigano lijalo, andika nani, vipi na kwa nini. Pesa acha mfukoni. Baada ya mapigano 8, jisahihishe kwa kalamu nyekundu, halafu uniambie kama ungemwamini huyo mtu na karo ya mtoto wako.

Rafiki yangu sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Namlipa mia tano kila wiki, sijamaliza. Juzi aliniuliza kwa mara ya kwanza tangu 2023: "Prof, nani Jumapili?"

Nikamwambia sababu za huyu na sababu za yule, halafu nikamwambia sijui. Akacheka, akavaa helmeti, akaenda kutafuta abiria.