Kilomita 4,000 kwa betri mbili

Msafiri anayetoka Dodoma mjini kwenda Kondoa huanza kupoteza stesheni za FM kabla hajafika Chemba. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, hivyo hata mnara wenye nguvu ni nadra kusikika vizuri ng'ambo ya kilomita 100. Hamia SW, yaani masafa mafupi, kwenye redio hiyohiyo. Mawimbi yake hupanda kilomita 250 hadi 400, hugonga tabaka la anga lenye chaji za umeme, kisha hurudi ardhini. Mruko mmoja hufika hadi kilomita 4,000. Kutoka London hadi Chemba, kama kilomita 7,200, miwili inatosha.

Gharama ya safari hiyo hubebwa na mrushaji. Mtambo wa ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, wa kHz 11735, ulioko Dole, Unguja, una kilowati 50. Ukiwa hewani kwa nguvu zote, hutoa nishati sawa na uniti 50 za umeme kwa saa, asikilize mmoja au milioni. Kwenye intaneti kila msikilizaji hulipia chake: matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula MB 29 kwa saa. Saa tatu kila usiku kwa siku 30 ni takriban GB 2.6.

Kwa redio, chukulia betri mbili za AA zenye mAh 2,000 na redio inayokula mA 50: unapata saa 40. Saa 90 za mwezi huo zinahitaji jozi tatu, na ya tatu hubaki na chaji nyingi.

Anayeanza ajue kwanza saa. Mchana jua hukoleza tabaka la chini la anga, nalo humeza masafa ya chini. Tafuta bendi ya mita 19 (kHz 15100–15800) na mita 25 (11600–12100). Usiku shuka mita 31 (9400–9900) na 49 (5900–6200). Ratiba nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa: saa 12 jioni yetu ni 15:00.

Usishangae Unguja, iliyo kilomita 380 tu kutoka Chemba, ikipotea huku Ulaya au China ikisikika. Mawimbi yanayopanda kwa mwinamo mdogo hutua mbali na kuruka walio karibu. Masafa ya chini hurudi jirani zaidi.

Pili ni waya wa antena. Gawanya 75 kwa megahezi: kwa 11.735 ni mita 6.4. Uning'inize kwenye mgunga, uushushe radi zikianza. Ndani ya basi bati huzuia mawimbi. Kwenye gesti, chaja na taa za LED hukoroga sauti. Toka uani.

Redio ya bei kubwa haikuletei stesheni za mbali za mita 49 saa sita mchana. Kabla ya kuinunua, jaribu ndogo uliyonayo baada ya jua kuzama, ukiwa na mita sita za waya.