Nani analipa juu ya njia ya Lualaba?

Ndugu zangu, batu wengi wanafikiri mto ni barabara ya bure: Mungu ametengeneza, sisi tunapita tu. Hapana. Lualaba inapitika kutoka Bukama mpaka Kongolo, zaidi ya km 600, lakini njia yenyewe ya masuwa ni nyembamba, na inahama.

Juu ya nini inahama? Mvua inaosha udongo wa mashamba na wa vilima vilivyochomwa moto, mto unaubeba. Ukifika kwenye maziwa ya Upemba, maji yanapunguza mwendo na mchanga unabaki chini. Kiangazi maji yanashuka, masuwa inakwama, mahindi ya Malemba-Nkulu yanachelewa kufika kwenye treni ya Bukama. Mkulima njo anapoteza.

Kutunza njia ni kazi tatu. Kwanza kupima kina. Pili kuweka balizi, zile alama zinazomwonyesha nahodha mahali penye maji. Tatu kutoa mchanga kwa draga, na hii njo inakula feza nyingi. Mito ya ndani inasimamiwa na RVF tangu 1971.

Tuangalie upande wa bahari. Chini ya Boma mchanga unahama kila mara, CVM inapaswa kuuchimba bila kuchoka. Lakini kule zinapita meli kubwa zinazokwenda Matadi, nazo zinalipa. Kwetu anayepita ni masuwa ndogo yenye magunia na samaki. Ukimtoza sana, ataacha mto. Usipomtoza kabisa, draga haipati mazutu. Na feza inayotolewa bila risiti haichimbi hata ndoo moja ya mchanga.

Barabara ziko na mfuko wao, FONER, tangu 2008. Unalishwa na malipo ya mafuta na ya peaji. Kwa maoni yangu, Lualaba nayo inastahili mfuko wake: malipo madogo kwa kila gunia, hesabu ibandikwe bandarini Bukama, na feza itumike mbele ya kiangazi, si baada ya masuwa kukwama.

Sisi wa kilimo tuko na sehemu yetu. Tuache mafunjo na majani kando ya mto, tulime kwa kukata mteremko, tupunguze moto. Udongo unaobaki shambani hakuna draga itakayolipwa kuutoa mtoni, tena njo huo unaozaa mahindi.