PAKITI YA MAHINDI YENYE LADHA: INAMPA MTOTO NINI?

Ndugu wazazi wa Lobule, Imvepi na Rhino Camp,

Tukipita nyumba kwa nyumba tunasikia mara nyingi: "Mtoto amekataa uji, lakini amekula pakiti." Ni vile vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya kuku, jibini au nyanya, vinavyouzwa madukani Arua, Koboko na hapa kwetu. Je, mtoto huyo amekula kweli?

Ndani ya pakiti kuna nini?

Kuna unga wa mahindi, mafuta, chumvi na unga wa ladha. Soma nyuma ya pakiti: kitu kilichoandikwa kwanza ndicho kingi zaidi. "Ladha ya kuku" si nyama ya kuku.

Pakiti ndogo ya gramu 20 ina takriban kalori 100, mafuta gramu 5, na protini gramu 1 na kidogo. Karanga za uzito huohuo zina kalori 110 hivi na protini gramu 5. Protini ndiyo inayojenga mwili wa mtoto.

Ubaya uko wapi?

Vitafunio hivi si sumu. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Likishajaa pakiti, uji na maharagwe havipati nafasi.

Tena, mahindi peke yake hushibisha lakini hayatoshi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikula mahindi bila karanga, kwa kuwa ugawaji wa karanga ulikuwa umekatika. Watu zaidi ya 17,000 walipata pelagra. Ugonjwa huu hubabua ngozi inayopigwa na jua na huleta kuhara. Unatokana na upungufu wa vitamini iitwayo niasini, ambayo karanga zinayo kwa wingi.

Ufanye nini?

1. Mpe mtoto uji kwanza, wenye karanga au simsim ya kusagwa, au mukene wa kutwangwa. Mtoto mdogo usimpe karanga nzima, zitampalia.
2. Ukiwa na shilingi 500, nunua karanga kabla ya pakiti.
3. Usiuze maharagwe ili upate pesa ya pakiti.
4. Pakiti iwe ya mara mojamoja, baada ya chakula. Asiyetimiza miaka 2 asipewe. Aendelee kunyonya.
5. Mtoto akikonda au miguu ikivimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.