MAMA WA SOMANGA, REJESHO LAKO LINAJUA KUNA MAJI MAFU?

Leo tupo Somanga, Kilwa, pale mabasi ya Lindi na Mtwara yanapopita na kina mama wanauza samaki wa kukaanga na pweza.

Siku hizi shida siyo kupata mkopo. Wakopeshaji wanakufuata mpaka mezani. Shida ni rejesho lisiloendana na biashara yako.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Maji yanakupwa mbali, pweza wanapatikana, hela inazunguka. Yakija maji mafu, pweza ni wa kutafuta. Rejesho la kila wiki halijali hilo.

Halafu kuna barabara. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara ya Dar–Lindi eneo la Somanga. Basi halipiti, abiria hakuna, mauzo hakuna. Deni lipo palepale.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Anza na kikundi cha hisa. Kwenye VICOBA riba inabaki kwenu, mwisho wa mzunguko mnagawana. Andikeni kwenye katiba: marejesho yawe baada ya bamvua, na barabara ikifungwa tunasogeza tarehe. Msisahau mfuko wa jamii. Na sajilini kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua.

2. Uliza mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri inatenga 10% ya mapato yake ya ndani: wanawake 4%, vijana 4%, watu wenye ulemavu 2%. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarejeshwa 2024. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

3. Kausha damu: piga hesabu kabla ya kusaini. Ukichukua 100,000 na kurudisha 130,000 ndani ya mwezi, hiyo ni riba ya 30%. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa 3.5% kwa mwezi, yaani 3,500 tu kwa laki. Omba kuona leseni. Kadi yako ya benki usimwachie mtu.

4. Hela iingie kwenye namba yako. Ukikopa kwa jina lako halafu akaishika mwingine, hata kama ni wa nyumbani, deni ni lako na faida ni yake. Mkopo wa biashara ununue mzigo, mafuta, mkaa, au deli la barafu. Sare za shule zitoke kwenye faida.

5. Weka akiba ya maji mafu. Kila bamvua tenga rejesho moja pembeni. Siku basi lisipokuja, hutauza sufuria ili ulipe.

Mkopo mzuri ni ule unaokuacha na meza yako baada ya kumaliza kulipa. Mtumie mwenzako wa kikundi hii kabla ya kikao kijacho, mkaifungue katiba pamoja.