KITU GANI KINACHOICHUKUA EROPLENI JUU?

Watu wengi waonapo eropleni ikipita mawinguni husema kwamba huchukuliwa na nguvu za mashine yake. Neno hili si kweli yote. Kazi ya mashine ni kuisukuma eropleni mbele. Kinachoichukua juu ni hewa, kwa njia ya mabawa. Mtu afahamuye tofauti hii atajua pia kwa nini eropleni huweza kuanguka hali mashine yake ni nzima.

Hewa haionekani kwa macho, lakini ina uzito. Huko pwani, sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita 1 huwa na hewa ya kilo 1 na zaidi kidogo. Mtoto arushaye tiara, ambayo wengine huiita kishada, huitumia hewa hiyo. Tiara husimama mshazari mbele ya upepo, ikausukuma upepo chini, nao upepo huisukuma tiara juu. Upepo ukitulia, mtoto hukimbia ili tiara ikutane na hewa kwa nguvu. Mashine ya eropleni hufanya kazi ya mtoto yule akimbiaye.

Bawa nalo huinuliwa kidogo upande wa mbele, na mgongo wake umevimba. Hewa ipitayo huelekezwa chini, na bawa husukumwa juu. Tena hewa ya juu ya bawa hupita upesi, mkandamizo wake ukapungua, na ile ya chini hukandamiza zaidi. Wako wafundishao kwamba hewa ya juu hufanya haraka ili ikutane na mwenzake nyuma ya bawa. Sivyo, imepimwa, ikaonekana kwamba hewa ya juu hutangulia kufika.

Sasa tutazame hatari yake. Rubani akiinua pua ya eropleni, bawa huchukua uzito zaidi, lakini kuna mpaka. Kwa mabawa mengi mpaka huo ni kama digrii 15. Ukipitwa, hewa huacha kuufuata mgongo wa bawa, ikavurugika kama maji nyuma ya jiwe mtoni, na eropleni huanza kuanguka. Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na mashine, aliangushwa hivi tarehe 9 Agosti 1896, akafa siku ya pili yake. Dawa yake ni kuishusha pua, ingawa moyo wataka kuiinua, ili hewa irudi kulifuata bawa na mwendo uongezeke.

Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa Dayton, Marekani, walijifunza habari za Lilienthal. Hawakuanza kwa kutafuta mashine. Mwaka 1901 walitengeneza sanduku la kupitishia upepo, wakapima ndani yake mabawa madogo ya namna nyingi. Ndipo tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, eropleni yao ikaruka kwa mashine. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12.

Jambo hili latuhusu sisi wa nchi za juu. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Jua kali huzidi kuifanya nyepesi. Kwa hiyo eropleni yenye uzito ule ule hukimbia zaidi ardhini kabla ya kupaa. Njia ya kurukia ya uwanja mkubwa wa Nairobi ina zaidi ya mita 4,000. Ya Mombasa haifiki 3,500. Rubani asipopunguza mzigo wakati wa joto, njia yaweza kumwishia kabla ya kupaa.

Basi mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi mambo haya, na awape karatasi, vijiti na uzi, watengeneze tiara. Wakiilaza mno haitapanda, na wakiisimamisha mno itaanguka.