Mvua Huja Upepo Ukitulia

Siku ya bahari shwari, saa kumi na moja alfajiri, ngalawa za Bagamoyo hutoka bila mtu kushika kasia. Zinasukumwa na umande, upepo wa kutoka nchi kavu. Alasiri tanga lilelile huwarudisha wavuvi pwani kwa upepo wa baharini. Ardhi hushika joto upesi na kupoa upesi, ilhali bahari haina haraka. Jua likikolea, hewa ya juu ya mchanga hutanuka na kupanda, mgandamizo wake hushuka, na hewa nzito ya baharini huja kuziba pengo. Usiku mambo hugeuka.

Kaskazi na kusi, pepo za msimu, ni mchezo huohuo, ila uwanja wake ni bahari na bara zima. Kuanzia Desemba bara la Asia hupoa sana na hewa yake hulemea. Kipimo cha wastani cha mgandamizo kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1013. Huko Agata, Siberia, tarehe 31 Desemba 1968 kilifika 1083.8. Hewa hiyo humwagika kuelekea ikweta, na ndiyo kaskazi iliyoyaleta majahazi ya Oman na Gujarat hadi Unguja. Kufika Juni, Asia imewaka moto na mgandamizo mkubwa umekaa kusini, karibu na Mauritius na Réunion. Kusi huanza. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo haunyooki: hutokea kusini-mashariki, ukivuka ikweta hukunja kulia kuelekea India.

Hapa pana kitendawili. Kusi imepita maelfu ya kilomita juu ya maji, mbona Juni hadi Septemba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni kavu? Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alieleza mkondo wa upepo mkali unaopita mashariki ya Kenya na Somalia, kama kilomita moja na nusu kutoka ardhini. Unyevu umo tele, lakini upo safarini. Upepo unakwenda sambamba na pwani, haupandi. Tena huyasukuma maji ya juu ya bahari ya Somalia mbali na ufuko, na maji baridi huibuka kutoka chini, yakizidi kuizuia hewa kupanda. Mvua yake huishia kwenye milima ya Kerala, India, na manyunyu yake hufunika Salalah, Oman, kwa ukungu na majani mabichi.

Mvua zetu huja wakati wa tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, manahodha wanaposhindwa kujua watweke upande gani. Ukanda wa mvua, zinapokutana pepo za pande mbili, hupita ukielekea kaskazini Machi hadi Mei, ukarudi Oktoba hadi Desemba. Hewa zikigongana hazina pa kwenda ila juu, na huko juu mvuke hupoa ukawa matone. Masika na vuli ndizo hizo. Songea, kusini mwa Tanzania, ambako ukanda huo hufika na kukaa miezi kadhaa, wana msimu mmoja tu.

Ratiba hii huvurugika. Mwaka 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida na ya upande wa Indonesia yakapoa. Pepo za ikweta zikageuka kuelekea Afrika, hewa ikapanda huku kwetu, na vuli ikafurika. Novemba milima ya West Pokot, Kenya, iliporomokea vijiji. Ng'ambo ya bahari hiyohiyo hewa ilikuwa ikishuka, kavu, na Australia ilikuwa inaungua.