Faili kubwa yagoma kufunguka? Usikimbilie kufuta picha

MWANAFUNZI anayeandaa tasnifu mjini Kisii au Nyamira hupakua faili kubwa ya takwimu, akaibofya, akangoja, kisha tarakilishi ikamwarifu kuwa kumbukumbu haitoshi. Aghalabu mhudumu wa saiba humshauri afute picha na nyimbo ili apate nafasi.

Ushauri huo huchanganya vitu viwili. Diski kuu ni ghala. Kumbukumbu ya muda, ambayo wauzaji huiita RAM, ni meza ya kazi. Mfanyabiashara wa ndizi katika soko la Daraja Mbili anaweza kuwa na ghala tupu na bado akashindwa kupanga mikungu hamsini juu ya meza moja. Faili inapofunguliwa hutolewa ghalani ikaletwa mezani, na hapo hutanuka, kwani faili za Excel za kisasa huhifadhiwa zikiwa zimebanwa. Hata hivyo, mhudumu hakupotoka kabisa. Kumbukumbu ikijaa, Windows hukopa nafasi kwenye diski. Diski nayo ikijaa, hakuna pa kukopa.

Anza kwa kufunga programu nyingine, hasa kivinjari chenye kurasa nyingi. Ikishindikana, chunguza aina ya programu kabla ya kutoa hela kununua kumbukumbu zaidi. Excel ya biti 32 haiwezi kupita gigabaiti 4, na matoleo ya zamani huishia 2, hata mashine ikiwa na 16. Kuna watu waliokwisha kupoteza fedha hapo ilhali dawa ilikuwa kuweka toleo la biti 64.

Faili inayokataa kufunguka, angalau, imekuonya. Ya kuogopwa ni ile inayofunguka nusu. Tangu 2007, ukurasa mmoja wa Excel hubeba mistari 1,048,576; mtindo wa awali wa xls hubeba 65,536 pekee. Katika sensa ya 2019, Nyamira ilihesabiwa watu 605,576 na Kisii 1,266,860. Orodha yenye mstari mmoja kwa kila mtu ingetosha kwa Nyamira. Ya Kisii ingeacha nje watu zaidi ya 218,000. Programu hutoa onyo, lakini mwenye haraka hubofya sawa, akahifadhi juu ya faili ya awali, na waliobaki nje wakapotea.

Uingereza ilionja hayo 2020, pale visa 15,841 vya Covid-19 vilipochelewa kuingizwa kwenye takwimu kwa sababu ya kikomo cha xls. Watu waliotangamana na wagonjwa hao hawakutafutwa kwa wakati.

Kwa faili ya ukubwa huo, achana na lahajedwali. Programu za R, Python na SQLite hupatikana bila malipo, na zinaweza kusoma safu unazohitaji tu au kuchukua mistari kidogo kidogo. Anayetafiti umri na elimu hana haja ya kubeba safu nyingine mia moja. Fanyia kazi nakala, na uhesabu mistari kabla ya kufungua na baada ya kuhifadhi. Idadi zikitofautiana, rudi kwenye faili ya awali.